Joto la Ng'ombe Aliye Karibu Kuzaa
Sisi tufugao ng'ombe twazoea kutazama kiwele tu. Huenda mama akazaa usiku peke yake, na ndama akafa kwa kukosa msaada. Lakini mwili wake hutoa habari nyingine. Wakati wa mimba, homoni iitwayo projesteroni, itokayo hasa katika ovari, huliweka joto lake juu kidogo. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa homoni hiyo hupungua, na joto hushuka yapata nusu digrii. Yatupasa basi kumpima kila siku kwa saa ile ile, maana jioni mwili huwa na joto zaidi kuliko asubuhi. Likishuka, tulale karibu na zizi. Mbwa jike naye hushuka hivyo, toka digrii 38 na zaidi hata karibu na 37.