Mvua ya Kinoo ndani ya kontena

Nimekuwa kimya kidogo. Kilichonirudisha hapa ni swali la mama yangu mwezi Februari, akiwa mlangoni na jembe mkononi: "Hiyo kompyuta yako haiwezi kuniambia mvua itaanza lini?"

Mwaka uliotangulia alipanda maharagwe baada ya mvua mbili tu, kisha jua likawaka na mbegu zikaharibika. Halikuwa swali la mchezo.

Kompyuta yangu haitabiri mvua. Lakini inaweza kusoma mvua iliyokwisha kunyesha. Kuna data iitwayo CHIRPS, kutoka Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayochanganya picha za satelaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, siku kwa siku tangu 1981. Kila tarakimu ni ya mraba wenye upande wa kilomita 5 na nusu hivi. Kuifungua natumia CDO, programu ya huria kutoka taasisi ya Max Planck ya Hamburg, Ujerumani.

Tatizo likaanza hapo. CDO yangu niliijenga mwenyewe nikiwa na Ubuntu 20.04. Nilipopanda hadi 22.04, ikakataa kuamka: libnetcdf.so.15 haipatikani. Ubuntu mpya huja na namba 19. Nilipoteza jioni mbili nikiunganisha maktaba za zamani na mpya, na kila nilichotengeneza kilivunja kingine.

Ndipo nikakumbuka Docker, iliyotoka 2013. Kontena ni kama mpishi wa harusi anayekuja na sufuria na viungo vyake. Kwako anatumia moto tu. Moto ndio kiini cha Linux. Maktaba zote ni zake, hagusi zako. Faili yangu ya Dockerfile ina mistari miwili:

FROM debian:12
RUN apt-get update && apt-get install -y cdo

Kisha:

docker build -t hewa .

Nikafurahi mapema. Usiku ule nilinunua bando, nikaingia ndani ya kontena na kupakua miaka kumi ya data. Faili hizi ni nzito. Asubuhi nikaandika exit. Nilikuwa nimeanzisha kontena kwa --rm, yaani lifutwe likimaliza kazi, wala sikuliunganisha na folda yangu. Data yote ikaenda nalo. Bando pia.

Basi, usirudie kosa langu. Weka data nje, kontena liione kupitia -v:

docker run --rm -v "$PWD":/data -w /data hewa cdo remapnn,lon=36.69_lat=-1.25 chirps-v2.0.2023.days_p05.nc kinoo.nc

Faili kubwa inabaki nukta moja: Kinoo. Kontena likifa, faili zako zipo.

Nilitafuta siku mvua inapoanza kweli: milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukame wa siku saba mfululizo katika siku 21 zinazofuata. Nikamwonyesha mama grafu. Katika miaka kadhaa mvua ya kwanza ilikuja, ikadanganya, ikaondoka. Akaitazama kimya, kisha akasema, "Kumbe si mimi niliyekosea."

Sikutegemea hilo. Nilidhani anataka tarehe.

Nilimweleza kwamba hii ni historia, si utabiri. Utabiri wa msimu hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, na tulisoma wa Machi hadi Mei pamoja. Safari hii akagawa mbegu mara mbili: nusu mvua ya kwanza, nusu baadaye.

Dockerfile ile bado ninayo. Nikibadilisha Ubuntu tena, sitagusa chochote. Jaribuni nukta za kwenu, badilisheni lon na lat tu. Tuonane tena, stima ikiwepo.