Yale Maua ya Njano Kwenye Video Sio Alizeti, Ni Marejea (Na Wenyewe Walikataa Kuhama)

Wadau, tangu ile video itoke simu yangu haipoi. "Dada, yale maua ya njano nyuma ya staa ni alizeti ndogo?" Mwingine kaapa kabisa ni ya plastiki, yametoka Kariakoo. Naomba niwatoe ushamba kwa upendo. Sio alizeti, sio plastiki, na pale sio Dar. Ni marejea, yapo shambani kwa mama mkubwa wangu, njia ya kwenda Msimbati huku kwetu Mtwara, na niliyeyapanda ni mimi. Jina la staa linabaki kapuni, ndivyo tulivyokubaliana, kwa hiyo msinisumbue kwa hilo. Kwa maua niulizeni mpaka mchoke.

Marejea wengi mnayajua bila kujua kwamba mnayajua. Ni mmea wa Kiafrika kabisa, jamii ya kunde, unasimama wima mpaka kumpita mtu mrefu. Ua lake ni la njano na lina mistari myembamba ya zambarau iliyoiva, kama mtu kachora kwa kalamu. Yakishakauka, maganda yake yanalia. Watoto wa kijijini wanayatikisa masikioni kama kayamba. Hata jina la kitaalamu, Crotalaria, limetoka kwenye neno la Kigiriki la chombo cha kugongesha mkononi wakati wa kucheza. Yaani wazungu na watoto wa Msimbati walisikia kitu kilekile.

Mkulima wa kusini anayajua kama mbolea. Wamonaki wa Peramiho, kule Songea, ndio waliyapigia debe sana miaka ya 1980. Mizizi yake ina vinundu vidogo, na ndani yake wanaishi bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani na kuiweka kwenye mmea. Ng'oa mche mmoja, pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama, kazi inaendelea. Kikiwa kijani au kijivu, hakuna kitu. Mimi nilipoona ule wekundu mara ya kwanza nilimwita mama mkubwa mbio, akaja na jembe akidhani ni nyoka.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, maana mbolea na maua haviendi pamoja. Ukitaka mbolea nzuri unafyeka marejea yanapoanza tu kuchanua, majani yakiwa laini, unafukia. Ukisubiri mbegu, shina linakuwa gumu kama kuni na linachelewa kuoza. Mama mkubwa aliyataka ardhini. Udongo wetu wa pwani ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha rutuba inaondoka nayo, na yeye amelima pale tangu mimi sijazaliwa. Mimi niliyataka yasimame kwa sababu ya maboga yake.

Boga lina ua dume na ua jike, mbalimbali, kwenye mmea mmoja. Chavua lazima ibebwe na mdudu, tena asubuhi na mapema, kwa sababu ua la boga likipigwa na jua la mchana linajikunja na halifunguki tena. Mwaka wa nyuma yake maboga yake yalikuwa yanashika kidogo, yanakuwa ya manjano, yanadondoka yakiwa saizi ya ndimu. Watu wakasema kijicho. Mimi nikakaa pale asubuhi mbili, nikahesabu nyuki. Vidole vya mkono mmoja vilinitosha.

Basi tukagawana. Mistari ya upande wa barabara afyeke, ya upande wa maboga ibaki. Mama mkubwa akasema, "Haya mwanangu, lakini yasipoleta hao nyuki wako, mwakani hupati hata tuta."

Kuyapanda hakuna siri kubwa, ila nitaeleza maana mmeuliza. Nililoweka mbegu usiku mmoja, nikapanda katikati ya Januari mvua zikiwa zimekolea. Tundu la kina kama pingili ya kidole. Kama unataka mbolea unamwaga tu mbegu yabanane. Ukitaka maua mengi acha nafasi kama ya mkono mmoja, wa kiwiko mpaka ncha ya kidole, kati ya mstari na mstari, yapate jua na yatoe matawi. Wiki tatu za kwanza palilia bila huruma. Baada ya hapo yenyewe yanaziba jua, magugu yanakosa pa kutokea. Mbolea ya dukani hayahitaji. Maji yakituama yanakufa, lakini kwenye mchanga wetu maji yatatuama wapi? Mwishoni mwa Machi mstari wote ukawa njano.

Ndipo wakaja. Sio nyuki wa asali kwanza, ni wale wakubwa weusi, wanaotoboa mbao za paa mpaka unga unadondoka kwenye chai. Ua la marejea limefungwa. Chavua imefichwa ndani ya petali mbili zilizokunjwa kama mtumbwi, na linataka mtu mzito wa kulifungua. Nyuki mdogo mara nyingi anatua, anahangaika, anaondoka. Yule mkubwa akitua ua linainama, ule mtumbwi unashuka, na chavua inasukumwa juu kwenye tumbo lake. Akiondoka linarudi kama mlango wa springi. Nilirekodi kwa simu nikaweka stetasi, na hiyo ndiyo stetasi iliyoniletea wageni.

Meneja wa staa alinipata kupitia mtu wa mtu. Walikuwa wanakuja Msimbati kupiga video ufukweni, wakataka na "ile bustani ya njano". Msimbati mnaijua, ule ufukwe ambao gari linatembea juu ya mchanga, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Pazuri, sibishi. Meneja akataja laki mbili. Kwa mama mkubwa laki mbili ni palizi nzima ya mikorosho, vibarua wote wamelipwa na chenji inabaki. Mwezi wa nne huku pesa hakuna, korosho za mwaka jana zimeshaliwa na za mwaka huu hata hazijachanua. Mwenye nyumba ya Mtwara atanielewa.

Walifika saa nne asubuhi, gari mbili. Staa hakushuka, alibaki kwenye kiyoyozi. Meneja akaingia kwenye mstari, nyuki mmoja akampitia sikioni, mngurumo wake mnaujua, jamaa akatoka mbio na kofia akaiacha. Tukacheka, yeye hakucheka. Akarudi akasema msanii wake hawezi kuingia mle. Akaenda kwenye gari, akarudi na ofa nyingine. Angeongeza elfu hamsini, ila sisi tupulize dawa ya wadudu palepale. Wao wangeenda ufukweni kwanza, wakirudi kesho yake pawe pasafi.

Nilimwangalia mama mkubwa. Namjua, na najua hesabu aliyokuwa anaipiga kichwani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anadaiwa michango na viatu. Dawa ya mikorosho ilikuwepo stoo, na bomba la kupulizia lipo. Ilikuwa ni suala la nusu saa. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka meneja akadhani amekubali, akaanza kuhesabu noti.

"Mwanangu," mama mkubwa akasema, "hao ni vibarua wangu. Hawajaniomba chai wala posho. Nikiwaua leo, nani atakuja kunishikia maboga kesho, wewe?"

Akamshika mkono, akampeleka kwenye maboga. Mwezi ule yalikuwa yameshika hasa, yamelala chini ya majani kama kuku wanaoatamia. Meneja alikuwa na haraka, akasema yeye hakuja kuangalia maboga, akaita watu wake wapakie.

Sasa hapa ndipo staa akashuka. Nitasema ukweli, mimi nilikuwa simpendi, yale mambo yake ya mwaka juzi mnayajua. Alivua miwani akauliza tatizo nini. Nikamweleza, nikamwonyesha na nyuki dume, yule mwenye manyoya ya njano, anayekaa hewani sehemu moja kama helikopta akilinda eneo lake. Nikamwambia huyu hana mwiba kabisa, kelele tu. Jike ndiye mwenye mwiba, na hana shida na mtu mpaka umbane kwenye kiganja. Staa akasema, "Kumbe kama wanaume wa Instagram." Hapo tukawa marafiki.

Mama mkubwa ndiye aliyetoa jibu. Waje jua likielekea kuzama, wafanyakazi wakianza kurudi makwao. Mpiga kamera akaruka kwa furaha, kumbe mwanga wa jioni ndio alioutaka toka mwanzo na hakuna aliyemuuliza. Wakaenda ufukweni, wakarudi saa kumi na moja na nusu. Staa akala mahindi ya kuchoma kwenye mkeka wetu akisubiri, watoto wamejaa uzioni. Walipiga picha mpaka giza. Miche kama kumi ilivunjika, kamera ina miguu mikubwa. Laki mbili ilitoka yote, ile elfu hamsini ya dawa haikutoka, na kofia ya meneja tunayo bado.

Kwenye video maua yanaonekana sekunde sita. Nimehesabu.

Wengi hamjaniuliza yaliyoendelea baada ya pale, na mimi hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwezi wa sita marejea yakawa mabaya. Majani yamedondoka, shina kahawia, maganda yananing'inia. Mpita njia mmoja alimwambia mama mkubwa mwanao kaacha shamba lichakae. Na hapo ndipo vipepeo wakaja, wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe. Wanatua kwenye mmea uliokauka, sio kwenye ua. Nikadhani wamechanganyikiwa. Kumbe wengi wao ni madume. Marejea yana kemikali chungu, na dume anaifyonza kutoka kwenye majani na mashina yaliyonyauka ili atengeneze manukato ya kumtongozea jike. Kipepeo asiyepata hiyo kitu hana chake. Na uchungu huohuo unamkinga asiliwe na ndege. Mnaona jinsi mambo ya mapenzi yanavyogharimu hata kwa wadudu.

Kemikali hiyohiyo ndiyo sababu nawaambia msichezee mbegu. Msimpe kuku, msile. Majani machanga ni habari nyingine, Wajaluo na Waluhya wa Kenya wanayapika mboga kabisa, tena wanayasifia. Nilimwambia mama mkubwa akasema kisamvu kinamtosha. Kuna pia kiwavi anayetoboa ganda na kula mbegu ndani. Ukiona ganda lina tundu, lichume, mtoe kwa mkono. Dawa usiguse, tumeshaongea hayo.

Mbegu nilivuna asubuhi na umande, maana jua likiwa kali maganda yanapasuka mkononi na mbegu zinaruka kila upande. Nikaanika kwenye turubai, nikapiga kwa fimbo, nikapepeta kwa ungo. Nimepata ndoo ndogo, na nimeweka majivu kidogo ndani. Staa alituma ujumbe wa sauti anataka za kupanda kwake, nimemtumia kwa basi. Sijui kama nyuki wakubwa wapo huko anakoishi, lakini ukuta wake una mbao nyingi, nimeona kwenye picha.

Maboga tumeuza. Viatu vya mdogo wangu vimenunuliwa. Upande uliofyekwa mama mkubwa ameshapanga kuweka mahindi mvua zikirudi, na anatembea mle kama mtu aliyenunua kiwanja.

Shida iliyopo sasa ni nyingine. Mikorosho imeanza kuchanua. Kila kishada kina maua mengi ya dume na machache yenye uwezo wa kuzaa, na chavua yake inanata, upepo hauibebi vizuri, inataka wadudu. Nyuki waliokuwa kwenye marejea ndio hao sasa wapo juu ya mikorosho. Salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga watu wanapuliza alfajiri, hiyo sina ugomvi nayo. Lakini jirani yetu mmoja, mzee wa heshima zake, anapuliza ile dawa ya maji ya kuua mbu wa mikorosho saa nne asubuhi, maua yapo wazi na nyuki wapo kazini. Juzi nimeokota weusi saba chini ya mti wa mpakani. Hajakosea kupuliza, yule mbu akiachiwa anakausha machipukizi yote. Ni saa tu. Akipuliza jioni, mbu anakufa vilevile.

Mimi ni mtoto kwake, siwezi kumfuata mzee nikamwambia lini apige bomba lake. Mama mkubwa amesema ataenda yeye Jumamosi baada ya alasiri. Anabeba boga moja kubwa, na mimi nimepima kikombe cha mbegu cha kumpelekea.