Namba ya mama mmoja

Leo sileti habari za barabara ya Sake wala bei ya maharagwe. Naleta kosa langu mwenyewe.

Mnakumbuka mwaka 2025 ulivyoanza. Mwezi wa kwanza Masisi-centre, Sake na Goma ziliingia mikononi mwa M23. Mwezi wa pili kambi za Bulengo na Lushagala zikabaki tupu. Mwezi wa tatu vita vikafika Walikale-centre. Watu walitawanyika, mama upande wa Nyabiondo, watoto upande wa Lubutu. Tukaanza kusoma hewani majina ya wanaotafutana, na kuyaweka pia kwenye saiti yetu ndogo.

Kurasa za saiti ni faili zinazoishia na .html. Faili kama hiyo seva haiifungui, inampelekea msomaji vile ilivyo, kama mwenye chukudu anavyobeba gunia bila kuuliza kilichomo. Kila jina jipya niliandika kwa mkono, na umeme ukikatika naanza tena. Nikataka seva ijaze orodha yenyewe kwa skripti ya PHP. Lakini seva yetu huendesha PHP ndani ya faili za .php tu, na jina la ukurasa sikuweza kulibadilisha. Watu walishaandika anwani ile kwenye madaftari ya watoto, wakapashana simu kwa simu. Ikifa, mtu aliye Lubutu hana pa kuanzia.

Dawa ipo. Kuna faili inayoitwa .htaccess, ambayo jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo mara nyingi haionekani kwenye orodha ya faili. Humo unaiagiza seva ya Apache. Niliandika mstari niliofundishwa zamani kwenye kozi:

AddType application/x-httpd-php .html

Megabaiti ziliniishia usiku huo, nikalala bila kujaribu.

Asubuhi mama mmoja alipiga simu. "Papa wa redio, mbona namba yangu iko mbele ya kila mtu? Na mahali ninapolala?"

Mstari ule unafanya kazi pale PHP inapoishi ndani ya Apache. Kwa wanaotukodisha seva, PHP inaendeshwa kando, na inaitwa kwa jina jingine. Seva haikuelewa, ikakabidhi faili nzima kwa kila aliyeomba, pamoja na skripti. Na mimi, kwa uvivu, nilikuwa nimeandika namba za simu na vijiji ndani ya skripti yenyewe. Huku kwetu mnajua maana ya mtu mwenye bunduki kufahamu nyumba unayolala.

Niliufuta mstari mara moja. Mafundi wa seva wakanipa jina lao sahihi, nikalijaribu kwanza kwa ukurasa wa mtihani wenye tarehe na saa tu. Amri niliifunga kwa faili moja, ile ya orodha, maana ukiagiza .html zote, hata ukurasa usio na skripti utapitia PHP bure na kuchelewa. Namba nilizihamishia nje ya folda ya wazi, mahali ambapo hakuna anwani inayofika. Seva ikikosea tena, itatoa maagizo makavu bila jina la mtu.

Mwenzangu mmoja ananicheka, anasema ningetumia SSI, ambayo seva isipoielewa, mstari wake haujitokezi kwenye kioo. Kweli, kwa kichwa cha ukurasa inatosha. Kwa orodha inayobadilika kila siku, hapana.

Mama yule alihama nyumba na kubadili namba. Ya zamani ndiyo waliyokuwa nayo watoto wake. Mpya hatuitangazi. Kila jioni tunasoma majina ya watoto, wapige simu ya redio, nasi tutawaunganisha.