Kisha Ikawaje, Mama?

Akina mama wenzangu wakishajua kwamba kazi yangu ni kutunga riwaya, ni wachache wanaoniuliza nimeandika vitabu vingapi. Wengi huuliza: "Yule mama wa kwenye kile kitabu, kisha ikawaje?" Huuliza kana kwamba mama huyo ni jirani yetu aliyehama mtaa, na mimi ndiye pekee ninayepata habari zake.

Nayaheshimu sana maswali hayo. Mara nyingi nyuma ya swali la kitabu lipo swali la maisha.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani mtunzi hukaa chini ya mwembe akingoja mawazo. Mimi huamka saa kumi alfajiri na kuandika mpaka saa kumi na mbili, watoto wanapoanza kutafuta soksi. Siku njema hunipa kurasa mbili. Siku mbaya hunipa mistari mitatu, nayo kesho yake naifuta. Riwaya moja hunichukua kama miaka miwili. Kisha muswada huenda kwa mhariri, hurudi umejaa alama nyekundu, nami huanza upya.

Malipo nayo yana hesabu yake. Mkataba wangu hunipa mrabaha wa asilimia 10. Kitabu kikiuzwa shilingi 8,000, fungu langu ni shilingi 800. Sehemu inayobaki inalipia karatasi, uchapaji, mhariri, mchoraji wa jalada, usafiri na faida ya mwenye duka. Nakala 1,000 zikinunuliwa kwa mwaka, napata shilingi 800,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe huchelewa kujaa.

Ninapochoka humkumbuka mwanamke mmoja wa Marekani, Louisa May Alcott. Alizaliwa mwaka 1832. Baba yake alikuwa mtu wa fikra kubwa lakini hakuwa na kipato cha kutegemewa, hivyo binti huyo alishona, akafundisha na kuandika ili nyumba yao ipate chakula. Mwaka 1868 aliandika Little Women, hadithi ya ndugu wanne wa kike na mama yao. Mchapishaji wake wa Boston alimshauri asiuze hakimiliki kwa malipo ya mara moja, bali aishike na apokee mrabaha. Alikubali. Kitabu kilipendwa mno, na kwa fedha zake alilipa madeni ya wazazi wake. Dada yangu unayeandika, ukiletewa mkataba, usome mpaka mstari wa mwisho kabla ya kutia sahihi. Usipouelewa, mtafute anayeelewa.

Kitabu hicho kilipotoka, wasichana walimwandikia barua nyingi. Wote walitaka kujua ndugu wale wataolewa na nani, na hasa walitaka Jo aolewe na kijana jirani, Laurie. Alcott alikereka kuona ndoa inafanywa kuwa ndiyo shabaha pekee ya maisha ya mwanamke. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 1869, Jo aliolewa kweli, lakini na profesa aliyemzidi umri sana, wala si Laurie. Mwandishi aliwasikiliza wasomaji wake, ila kalamu hakuwapa.

Mimi nami nimefikishwa hapo. Riwaya yangu moja inamhusu mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu mume wake. Kitabu kinaisha mama huyo akiwa amesimama mlangoni mwa mahakama, ameshika bahasha ya karatasi zake. Wasomaji wengi walilalamika. Walitaka ashinde, tena shemeji zake waaibike hadharani.

Kisha ikaja barua ya mjane mmoja mwenye watoto wanne. Shemeji zake walikuwa wamempa muda mpaka mavuno awe ameondoka shambani. Alisema amekisoma kitabu changu mara mbili akitafuta mwisho wake. Mstari wa mwisho wa barua hiyo ulisema: "Mama, ukiniambia alishinda, na mimi nitakwenda."

Barua hiyo ilikaa mezani kwangu siku tatu. Ilikuwa rahisi kuandika neno moja tu, "Alishinda." Kalamu ni yangu, na mjane wa kitabuni ni wangu. Lakini mwanamke huyu alikuwa akiishi katika ulimwengu ambao sikuutunga mimi. Hakimu wake hakuwa wangu, wala shemeji zake. Je, kama angekwenda kwa ahadi yangu halafu mambo yakawa magumu, angemlaumu nani?

Nikamwandikia hivi: "Sijui kama alishinda, kwa sababu nilimwacha mlangoni. Ninalojua ni kwamba alikwenda." Kisha niliongeza mambo ambayo riwaya haikuyataja. Nilimweleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi kihalali. Nilimshauri awatafute wasaidizi wa kisheria katika wilaya yake, na akusanye cheti cha ndoa, cheti cha kifo na majina ya majirani wanaoijua mipaka ya shamba.

Baada ya miezi mitano alinipigia simu. Shauri lilikuwa halijaisha. Hata hivyo, msimu ule alikuwa amelima shamba lake mwenyewe, na mahindi yalikuwa yamefika magotini.

Sasa mchapishaji ananiomba sehemu ya pili, nami naiandika. Mjane wangu ataingia ndani ya mahakama. Shauri litaahirishwa, atauza mbuzi ili apate nauli, na shahidi mmoja atageuka. Ushindi wa haraka ungewafurahisha wasomaji jioni moja tu. Yule aliye njiani kwenda mahakamani kweli angejiuliza mbona kwake imekuwa vigumu.

Upendo wa wasomaji una visa vyake pia. Mwalimu mmoja aliniambia kwa furaha kubwa kwamba kitabu changu kimependwa mno shuleni kwao, hata wamenunua kimoja na kukitolea kopi arobaini. Nilimshukuru, kisha nikampigia hesabu taratibu: shilingi 800 mara arobaini ni shilingi 32,000. Nilimweleza pia kwamba kunakili kitabu kizima bila ruhusa kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Alicheka, akashika kichwa. Muhula uliofuata shule iliagiza nakala kumi.

Kuazimana kitabu ni jambo jingine, nami nalipenda. Kitabu kilichochakaa kwa kupita mikononi mwa akina mama kumi kimefanya kazi iliyokusudiwa. Ninaomba tu kwamba katika hao kumi, wawili wanunue chao. Nyumbani, akina mama, tenga robo saa jioni na umsomee mtoto kwa sauti, hata kama yeye anajua kusoma. Na kitabu kikikugusa, mwandikie mtunzi wake, kwa sifa au kwa lawama. Ni kwa barua kama hizo sisi tunaoandika alfajiri hujua kuna mtu aliyefungua ukurasa.