Peugeot 504 Iliyorudi Barabarani

Ami yangu alinunua Peugeot 504 ya mwaka 1972 alipokuwa mhasibu wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, gia zake kwenye usukani, siti zake pana na laini kiasi kwamba sisi watoto tulilala kabla ya kufika Pongwe. Siku zile hakuna aliyeliita gari la kale. Lilikuwa gari la kazi. Lilibeba mishahara ya wakata mkonge, likabeba wajawazito usiku kwenda hospitali ya Bombo, maharusi, magunia ya machungwa, na mara moja jeneza, buti likiwa wazi na kamba zimefungwa mpaka kwenye bampa.

Sifa zake zilijulikana Afrika Mashariki nzima. Peugeot 404 iliyotangulia ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 kwa Ove Andersson, halafu 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Lakini ami hakuipenda kwa ajili ya mashindano. Aliipenda kwa sababu springi zake zilikuwa ndefu na laini, mashimo ya barabara ya shamba yakamezwa bila abiria kurushwa, na kwa sababu ikiharibika ilitengenezeka.

Neno hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulieleza, maana ndilo lililobadilika mbele ya macho yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni. Vita vya Kagera vilikuwa vimetumaliza na bei ya mafuta imepanda. Ikafika mahali magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Spea hazikuingia. Gari lililokufa pampu ya maji halikusubiri pampu mpya, kwa kuwa haikuwepo. Fundi aliifungua ile ile, akapeleka shafti ikakerezwa, akatafuta beringi inayokaribiana, akairudisha. Gasketi zilikatwa kwa mkono: karatasi nene inawekwa juu ya chuma chenyewe, inagongwa polepole kwa kichwa cha nyundo pembezoni mwa kila tundu mpaka umbo lijikate. Bushi zilichongwa kwenye tairi kuukuu. Pointi za distribyuta zilisuguliwa kwa msasa mwembamba mpaka zikawa nyembamba kama kucha, na bado zikawasha gari.

Injini ya 504 ilikubaliana na maisha hayo. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja kwenye bloku. Ni slivu zinazotoka na kuingia, zikizungukwa na maji. Zikilika, huhitaji kupeleka bloku nzima kwenye mashine ya kupanua. Unang'oa slivu na pistoni zake nne, unaweka nyingine, uani, chini ya mti. Kamshafti iko ndani ya bloku na inasukuma vali kwa fimbo, kwa hiyo hedi inafunguliwa bila kuvuruga cheni ya taimingi. Sisemi kwamba waliolibuni gari lile walikuwa wanaifikiria Muheza. Nasema tu kwamba mtu mwenye spana, jeki na subira aliweza kuimaliza kazi.

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Baada ya muda yakaanza kuingia magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambako nako usukani uko kulia na watu huendesha kushoto kama sisi. Katika miaka ya tisini mkondo ukawa mafuriko. Ami naye akanunua Corolla. Ilitumia mafuta kidogo, haikuvuja oili, na spea zake zilijaa kila duka. Peugeot akaiegesha chini ya mwembe, "kwa muda tu," akasema.

Na mafundi wakabadilika, bila mtu kutangaza. Kifaa kikifa hakifunguliwi. Kinatolewa, kinatupwa, kinawekwa kingine kutoka kwenye gari lililochinjwa Dubai au Yokohama. Siwalaumu vijana waliokulia katika kazi hiyo. Alteneta iliyotumika inapopatikana asubuhi hiyo hiyo kwa bei ya siku moja ya fundi, nani atakaa anafunga waya upya? Lakini kitu kilipotea, na nilikiona kikipotea gereji moja baada ya nyingine: mashine ya kukereza imeuzwa kwa vyuma chakavu, mzee aliyejua kuisikiliza difu amefariki, na hakuna aliyekuwa amesimama pembeni yake kujifunza.

Ami alipofariki, familia ilikubaliana gari nilichukue mimi. Tulilivuta kwa lori mpaka kwangu Chumbageni, Tanga, huku majani ya mwembe yakidondoka kutoka kwenye boneti njia nzima.

Wakati huo nilikuwa na picha moja kichwani. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanyika onyesho la magari, lililoanza mwaka 1970, ambapo waamuzi hukagua kila kitu: rangi, siti, injini, hata chini ya chasisi. Nilikuwa nimewahi kwenda kutazama. Niliona magari yaliyosafishwa mpaka ungeweza kulia chakula juu ya tapeti kava. Nikataka 504 ya ami isimame pale, kila nati ikiwa kama ilivyotoka Ufaransa.

Mke wa ami ndiye aliyeigeuza safari hiyo. Alikuja siku moja kutazama tulikofika, akalizunguka gari na fimbo yake, akaniuliza litamalizika lini. Nikamweleza habari ya onyesho. Akanyamaza, kisha akasema, "Baba, ami yako hakuwahi hata kulifunika turubai. Ukilifanya la kutazamwa, mimi silipandi. Nataka linipeleke kliniki."

Kuanzia siku hiyo kila uamuzi ulikuwa na jibu. Gari la onyesho linataka kufanana na lilivyozaliwa. Gari la kila siku linataka kuwaka saa kumi na mbili asubuhi, kusimama mtoto anapokatiza barabara, kutochemsha kwenye foleni, na kuonekana usiku wa mvua. Mambo haya mawili huachana haraka kuliko mtu anavyodhani.

Kazi kubwa ilikuwa kutu. Tanga ina upepo wa bahari mwaka mzima, na chumvi haihitaji haraka. Kwenye 504 maji hukaa ndani ya vizingiti vya milango, kwa sababu vitundu vya kuyatoa huziba kwa tope. Nje unaona rangi imevimba kidogo. Ukigonga kwa bisibisi inazama. Sakafu ya dereva ilikuwa imebaki kwa jina. Fundi bodi wa kwanza niliyemwita alitaka kupiga pati juu na kupaka rangi, na kwa gari la kuuza wiki ijayo ingetosha. Wa pili alikubali kukata mpaka kwenye chuma kizima, akakunja bati jipya kwa mkono, akachomelea vipande vifupi vifupi kwa kupokezana pande ili joto lisipindishe bodi. Ndani ya vizingiti tukanyunyizia mafuta mazito, tukazibua vitundu vyote. Wazee walikuwa wakipaka oili chafu chini ya gari kila kabla ya masika. Kwa pwani yetu, oili ile imeokoa magari mengi kuliko rangi yoyote ya gharama.

Kwa injini nilimtafuta mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji ya shamba. Nilimkuta anauza mkaa. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu. Fundi nani tena?" Nilipomwambia ni ile 504 ya rangi ya maziwa, aliuliza kama giaboksi bado inalia kwenye gia ya pili. Ililia.

Alifungua hedi na kunionyesha kitu ambacho sikukijua. Hedi ya 504 ni ya alumini, na njia za maji ndani yake zilikuwa zimeliwa kama mti wenye mchwa. Sababu ilikuwa maji ya kisima. Kwa miaka mingi radieta ilijazwa maji ya chumvichumvi ya pwani, na maji hayo yanapokutana na alumini upande mmoja na chuma upande wa pili, alumini ndiyo inayoliwa. Pia thamostati haikuwemo. Mafundi wengi wa nchi za joto waliitoa wakiamini inasababisha kuchemsha. Feni nayo, ambayo kwa ubunifu wake hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata moto, ilikuwa imefungwa kwa bolti izunguke muda wote. Kila marekebisho yalikuwa na sababu yake siku yalipofanywa, pengine njiani, pengine usiku, bila spea. Ila yalipojumlishwa, injini ilikuwa inakimbia baridi asubuhi, inakula mafuta bure, na inachemsha kwenye mlima.

Hedi nyingine ilitoka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambako ukiuliza kwa utulivu na kurudi kesho yake spea za Peugeot bado hupatikana. Ulaya sedani za 504 ziliacha kutengenezwa mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuziunganisha 504 kwa miaka mingi baada ya hapo, na hilo ndilo linalotulisha mpaka leo. Radieta ilifunguliwa na kuzibuliwa, thamostati ikarudi, feni ikaachiwa sumaku yake. Ndani tuliweka maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, pamoja na kulanti. Mzee alikaza bolti za hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu, akaziacha, akarudi baada ya injini kupata moto na kupoa, akazikaza tena.

Jambo moja lilimsumbua: petroli. Aliamini mafuta ya siku hizi, yasiyo na risasi, yatachoma vali za injini ya zamani. Azimio la Dakar la 2001 liliweka lengo, na kufikia mwisho wa 2005 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli yenye risasi, kwa faida ya vichwa vya watoto wetu. Lakini kwenye hedi ya alumini viti vya vali ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa, si alumini yenyewe, kwa hiyo hatari aliyoihofia ni ndogo. Tunapima nafasi za vali mara kwa mara. Kiti kingekuwa kinaliwa, nafasi ingepungua. Haijapungua.

Hatukukubaliana kuhusu pointi. Mimi niliweka mfumo wa kielektroniki ndani ya distribyuta ile ile, kwa kuwa hauliki na gari huwaka vizuri msimu wa unyevu. Yeye alisema pointi zikifa Segera usiku utazisugua na kufika nyumbani, lakini kile kidude kikifa utalala hapo. Yuko sahihi. Pointi na kondensa yake ziko kwenye buti, ndani ya soksi, pamoja na bisibisi.

Taa nazo ziliguswa. Katika mpangilio wa zamani umeme wote wa taa za mbele hupita kwenye swichi ya usukani, na swichi ikichoka taa hufifia. Tuliweka relei mbili karibu na betri, waya mnene, na balbu zile zile zikang'aa kuliko nilivyowahi kuziona. Mipira ya breki yote ni mipya. Diski ziko magurudumu yote manne, na hapo sikutaka kitu kilichotumika. Mikanda ya usalama tuliiweka mpaka siti za nyuma. Mwamuzi wa Ngong angekata alama kwa kila moja ya hayo.

Rangi haikupigwa mpaka mwisho, na si rangi ya kung'aa sana. Nililiacha bonde dogo kwenye mlango wa nyuma, pale ami alipoegemezea pikipiki ya posta.

Sasa gari linafanya kazi. Mke wa ami linampeleka kliniki, nami linanipeleka ofisini. Linakwenda Muheza kwa misiba na kurudi na machungwa. Na nimegundua jambo ambalo wenye magari ya kufunika wanaweza wasilijue: kuvuja kwa oili kulikotusumbua mwanzoni kulipungua lilipotembea kila siku, breki zikaacha kukwama, kabureta ikaacha kukauka. Mpira unaolowa hauchaniki, na petroli isiyolala haigandi kuwa gundi.

Yule mzee huja uani karibu kila Jumamosi. Hauzi mkaa tena. Walikuja wenye magari ya zamani wawili, watatu, mmoja na Land Rover, mwingine na 404 ya marehemu baba yake, halafu wakaja vijana wa gereji ya jirani na kompyuta yao ya kusomea hitilafu, wakauliza inachomekwa wapi. Akawaambia haichomekwi, wakae wasikilize. Mmoja wao sasa anajua kukata gasketi kwa nyundo. Yeye naye amemfundisha mzee kupima betri kwa mita ya kidijiti, na mzee ameipenda mita hiyo sana.

Binti wa dada yangu ndiye anayepima vali. Kanuni ni nafasi ya milimita 0.10 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa moshi, injini ikiwa baridi, na vidole vyake vinaihisi fila, lile bati jembamba la kupimia, kuliko vyangu. "Mjomba, hii ya tatu imelegea kidogo," aliniambia juzi. Mzee aliishika fila, akaivuta, akatikisa kichwa kukubali, akamwachia yeye spana.

Difu imeanza kuimba tukizidi kilomita themanini kwa saa. Tutaifungua baada ya mfungo, na wale vijana wameomba wasikose.