Ndani ya Kilabu cha Pombe, Mgeta

Wengi wetu tunakijua kilabu cha pombe kwa nje tu. Tunapita haraka, khanga kichwani, tukitazama upande wa pili. Safari yetu ya Mgeta, katika milima ya Uluguru, ilitufikisha ndani. Tulikwenda kwa kazi ya kanisa, kuwatembelea akina mama wenye watoto wachanga, na mmoja wao alikuwa mpika pombe. Nyumba yake na kilabu chake ni kitu kimoja.

Kutoka Morogoro mjini barabara hupita Mlali, kisha hupanda kwa kona nyingi. Baridi huongezeka, na mashamba ya kabichi, karoti na viazi yanaonekana yamening'inia ubavuni mwa mlima.

Kilabu chenyewe ni chumba kimoja kirefu cha matofali ya udongo. Bati limekuwa jeusi kwa masizi. Mabenchi ni mbao zilizopigiliwa juu ya vigingi, nayo yamezunguka kuta tatu, hivyo kila aketiye hutazamana na mwenzake. Kata ya kibuyu ingali ukutani, ingawa siku hizi pombe hutekwa kwa jagi la plastiki. Mtungi wa zamani sasa umewekewa mbegu za maharage. Upande wa nyuma ndipo penye mafiga, na karibu na mafiga, juu ya magunia, alikuwa amelala mtoto.

Zamani hapakuwa na nyumba ya namna hii. Pombe ilipikwa nyumbani kwa ajili ya kulima kwa ujima, kumtoa mwali, harusi au tambiko. Ikiisha, imeisha. Biashara ya fedha ndiyo iliyoleta chumba cha kunywea kila siku, na baadaye leseni na saa za kuuza, kama ilivyowekwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968.

Baa za zamani za Uingereza, hasa za enzi za Malkia Victoria, ziligawanywa kwa mbao na vioo vya ukungu: huku vibarua, kule wenye nafasi, na kijichumba cha pembeni ambamo mwanamke aliweza kunywa bila kuonekana. Mgeta hakuna kizuizi. Mwalimu na kibarua hukaa benchi moja. Lakini mwanamke yuko wapi? Yuko motoni. Ndiye aliyelowesha nafaka ikaota, akaianika, akaisaga kimea, akapika, akasubiri siku kadhaa ichachuke. Kati ya Waluguru ardhi hurithiwa kwa ukoo wa mama, na fedha ya pombe nayo ni ya mama. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya watoto wake. Sehemu kubwa ya fedha hiyo, hata hivyo, hutoka mifukoni mwa waume wa jirani zake.

Kama wauguzi, jambo moja lilitushtua zaidi ya pombe: dirisha. Lilikuwa moja, dogo, limezibwa kwa gunia kwa ajili ya baridi. Watu wengi huogopa kopo linalozunguka, lakini kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa katika chumba kilichofungwa. Na yule mtoto analala humo kila usiku. Tulimwomba mama afungue dirisha na kumhamishia mtoto chumba kingine. Gunia aliliondoa tukiwa bado tumekaa.

Akina mama, kumkemea mpika pombe ni rahisi. Tujiulize kwanza atalipa nini akiacha. Hapo hapo Mgeta wapo wanaofuga mbuzi wa maziwa na kuuza mboga. Vikundi vyetu vya kanisa vinaweza kumkopesha mbuzi wa kuanzia. Na wanaume je? Wanakwenda pale penye benchi la kutazamana na mtu wa kuwasikiliza. Makanisani mwetu mabenchi yote yanatazama mbele. Baada ya ibada tuyageuze, tupike chai, tuwaite wakae.