Nane au Sifuri

Redio ya shule ilikuwa ikilala nyumbani kwa mwalimu mkuu. Asubuhi mtoto wa zamu aliileta imefungwa leso, na mawe yake yakija kivyake ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Mkuu hakutaka mawe yalale ndani ya redio, eti hujimaliza yenyewe usiku. Yakidhoofika tuliyaanika juani pamoja na mahindi, yakapata uhai wa siku mbili tatu.

Mwaka ulikuwa 1983, katika shule moja ya Kwale bara, njia ya Kinango. Nilikuwa na miaka 20 na sikuwa nimesomea ualimu. Nilipewa darasa la tano kwa sababu Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa safi. Watoto 52 na vitabu tisa. Nyumbani walizungumza Kiduruma, Kiswahili wakakijulia sokoni, Kiingereza wakakisikia kwangu na kwa redio.

Vipindi vya shule vya Sauti ya Kenya vilikuwa na mtindo wake. Sauti ikiuliza swali, ikinyamaza kidogo ili darasa lijibu, kisha ikisema vizuri sana. Miaka ileile Taasisi ya Elimu ya Kenya ilikuwa ikijaribu kufundisha Kiingereza kwa njia hiyo katika madarasa matatu ya chini, nusu saa kila siku. Sisi hatukuwamo katika jaribio hilo, ila kile kimya cha kungojea jibu tulikijua vyema. Juma la pili tu watoto walishagundua kwamba sifa haina masharti. Redio ikauliza mji mkuu wa Uganda, mmoja akapiga kelele, "Mariakani!" Redio ikasema vizuri sana. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka, fimbo ikabaki pale pale pembeni.

Na wazee hawakuiamini kabisa. Mwaka uliotangulia, Jumapili ya Agosti 1, walikuwa wamesikia kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kwamba serikali imepinduliwa. Kumbe amesimamiwa na wanajeshi wenye bunduki, na jioni serikali ilikuwa ileile ya asubuhi. Mzee mmoja aliyepita na mbuzi wake alichungulia dirishani akaniuliza, "Na huyu wa leo, mwalimu, hajashikiwa bunduki?"

Kitu kimoja tu redioni ambacho hakuna aliyekibishia ni ile milio ya saa.

Bati letu lilikuwa na tundu la msumari uliong'oka. Mvua ikinyesha palikuwa pa kuwekea ndoo. Jua likiwaka palitua doa la mwanga sakafuni, duara la kadiri ya kifuniko cha soda. Mimi sikuwa na saa ya mkono, na kuwasha redio mapema ni kuchoma mawe bure. Basi Jumatatu moja ya Januari milio ya saa nne ilipolia, nikachora duara la chaki kulizunguka lile doa. Kesho yake tulingoja doa liingie duarani ndipo tuwashe. Ilifaa. Kwa dakika moja doa lilisogea kama upana wa kidole, kwa hiyo hata mtoto angeweza kusema zimebaki dakika tatu.

Jumatatu ya tatu milio ikalia doa likiwa nje ya duara. Msichana mmoja wa dawati la mwisho, aliyekuwa mchache wa maneno, akasimama: "Mwalimu, redio imedanganya tena."

Sikuwa na jibu. Nikampa msumari nikamwambia akwaruze alama mpya kwenye saruji, na kila Jumatatu milio ikilia akwaruze nyingine. Kazi hiyo akaifanya kama ibada. Kipindi kikianza yeye angali amepiga magoti, ulimi nje, anaandika tarehe kwa chaki kando ya alama. Hadi Machi alama zilikuwa zimejipanga upinde, upande wa ubaoni, zikiteremka kuelekea kusini. Aprili shule zikafungwa, redio ikarudi kwa mkuu. Mei tulipofungua, doa lilikuwa limehamia upande wa mlangoni, mbali na tulikoliacha. Mawingu yakatunyima majuma mawili. Juni likafika mwisho wa safari yake ya kusini likageuka. Julai lilikuwa tena upande wa ubaoni. Agosti tukafunga. Septemba tukalikuta mlangoni.

Hapo darasa likagawanyika. Wengine walisema njia mbili zile lazima zilikatana katikati wakati hatupo, kwa hiyo jua linachora nane. Wengine wakasema ni sifuri iliyopondeka, na kilichohama ni bati. Mmoja alipanda juu kukagua msumari. Alama zetu zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili, na pengo kubwa lilikuwa papo hapo penye ubishi. Mkaguzi mmoja alipopita akaona sakafu imekwaruzwa, akaandika kwamba darasa halitunzwi. Hakuuliza.

Chuoni, miaka mitatu baadaye, ndipo nilipoelewa. Dunia imeinama, tena haiendi mwendo mmoja: mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi na jua na hukaza mwendo, Julai hulegea. Saa ya redio haijui hayo, inakwenda sawasawa tu. Ndiyo maana mwanzoni mwa Novemba jua huitangulia saa kwa dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa dakika 14. Redio haikuwa imedanganya, wala jua.

Mwaka 2016 vishikwambi vya serikali vilipofika kwa ajili ya darasa la kwanza, nilikuwa mkuu wa shule nyingine. Walimu walifungua michezo ya herufi. Mimi niliuliza kama vina saa, wakanitazama.

Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona, na masomo yakarudi redioni, safari hii KBC. Aprili nzima nje ya likizo na ndani ya likizo vilikuwa kitu kimoja. Mwanzoni mwa Septemba simu yangu ikaingia picha kutoka nambari nisiyoijua. Ni sakafu ya saruji ya jikoni, na juu yake vifuniko vya soda vimepangwa, kila kimoja na tarehe yake kwa kalamu ya wino mzito. Katikati, kifuniko cha Aprili 13 kimebanwa na cha Agosti 29, hata ikabidi kimoja kiegemee kingine.

Chini yake ameandika: "Shikamoo mwalimu. Ni nane."